FIRST Robotics Competition

FIRST Robotics Competition (kifupi: FRC) ni mashindano ya kimataifa ya roboti kwa wanafunzi wa shule za sekondari. Huandaliwa kila mwaka na FIRST, shirika lisilolenga faida lenye makao makuu mjini Manchester, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani. Jina FIRST ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa ajili ya kuhamasisha na kuthamini sayansi na teknolojia".

Kila timu hubuni na kuunda roboti yenye ukubwa unaokaribia wa mtu, huiandikia programu, kisha huipeleka uwanjani kushindana na roboti za timu nyingine katika mchezo ambao hubadilika kila mwaka. Zaidi ya timu 3,000 hushiriki katika msimu mmoja. Nyingi zinatoka Marekani, lakini kuna pia timu za Kanada, Mexico, Israeli, Uturuki, Australia, China, Brazil na nchi nyingine.

Tofauti na michezo mingi ya shule, FRC hutegemea sana udhamini wa kampuni. Kampuni hutoa fedha, vifaa, nafasi ya karakana na wahandisi wa kuwalea wanafunzi. Udhamini huo umewezesha mashindano kukua, lakini pia umeleta mjadala wa muda mrefu kuhusu usawa kati ya shule zenye wadhamini wakubwa na zile zisizo nao.

Historia

FIRST ilianzishwa mwaka 1989 na Dean Kamen, mvumbuzi Mmarekani aliyejulikana kwanza kwa kutengeneza pampu ya insulini inayobebeka, na baadaye kwa chombo cha usafiri cha magurudumu mawili kiitwacho Segway. Kamen aliona kwamba vijana wengi wa nchi yake waliwajua vizuri wachezaji na wasanii mashuhuri, lakini hawakumjua hata mwanasayansi mmoja aliye hai. Aliamua kuchukua mambo yanayowavutia vijana katika michezo, yaani uwanja, mashabiki, waamuzi na vikombe, na kuyatumia katika uhandisi.

Alisaidiwa na Woodie Flowers, profesa wa uhandisi wa mitambo katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT). Flowers alikuwa maarufu kwa somo lake la usanifu, ambamo kila mwanafunzi alipewa sanduku la vifaa vilevile na kutakiwa kuunda mashine ya kushindana na za wenzake. Mfano huo ndio ulioigwa na FRC.

Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya sekondari mjini Manchester, yakiwa na timu 28. Tangu siku hiyo, kanuni ya msingi ilikuwa kuunganisha shule na kampuni. Kwa mfano, kampuni ya Xerox ilishirikiana na shule ya mjini Rochester, New York, na kampuni ya vifaa vya umeme vya magari ya Delco Electronics ilishirikiana na shule ya Kokomo, Indiana. Timu hizo mbili zilizaliwa mwaka huohuo wa 1992.

Kadiri timu zilivyoongezeka, yalianzishwa mashindano ya kanda, na washindi wake huenda kwenye fainali za dunia. Fainali zilifanyika kwa miaka kadhaa kwenye viwanja vya Disney huko Florida, kisha Houston, Atlanta, St. Louis na Detroit, na baadaye zikarudi Houston. Mwaka 2020 fainali zilifutwa kutokana na janga la UVIKO-19.

FIRST pia ina mashindano ya watoto wadogo zaidi. FIRST LEGO League ilianza mwaka 1998 kwa ushirikiano na kampuni ya LEGO ya Denmark. FIRST Tech Challenge hutumia roboti ndogo ambazo ni nafuu kuliko zile za FRC.

Jinsi mashindano yanavyoendeshwa

Msimu

Msimu huanza mapema mwezi Januari, siku ambayo mchezo mpya hutangazwa kwa timu zote kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo hakuna timu inayojua roboti yake itatakiwa kufanya nini. Mwaka 2022, kwa mfano, roboti zilirusha mipira mikubwa ndani ya kapu lililokuwa katikati ya uwanja, kisha zikaning'inia kwenye vyuma vilivyopangwa kama ngazi. Mwaka 2024 zilirusha pete laini.

Kwa miaka mingi timu zilipewa wiki sita tu za kuunda roboti, kisha ziliilaza kando hadi siku ya mashindano. Timu tajiri ziliunda roboti ya pili ili ziendelee kufanya mazoezi baada ya ile ya kwanza kufungiwa. Kuanzia msimu wa 2020 sharti hilo liliondolewa, na timu zote zikaruhusiwa kuendelea kuifanyia kazi roboti yao.

Roboti

Kanuni huweka vikomo vya ukubwa, uzito, aina za mota na betri. Kati ya mwaka 2019 na 2024 uzito wa juu ulikuwa pauni 125, yaani karibu kilo 57, bila kuhesabu betri na bampa. Nguvu ya umeme hutoka kwenye betri ya volti 12. Timu zote hutumia kompyuta ya aina moja ya kuendeshea roboti, inayoitwa roboRIO tangu mwaka 2015, ambayo imetengenezwa na kampuni ya National Instruments. Wanafunzi wanaweza kuiandikia programu kwa lugha kama vile Java, C++ na Python.

Mechi

Mechi moja huchukua takriban dakika mbili na nusu kwenye uwanja wa karibu mita 16 kwa 8. Katika sekunde chache za kwanza roboti hujiendesha yenyewe kwa kufuata programu iliyoandikwa kabla. Baada ya hapo wanafunzi huziongoza kutoka nyuma ya ukuta ulio mwisho wa uwanja.

Roboti sita huingia uwanjani kwa wakati mmoja, tatu upande wa rangi nyekundu na tatu upande wa buluu. Kila upande huitwa muungano. Katika mechi za awali miungano hupangwa bila timu kuchagua, hivyo mwenzako wa asubuhi anaweza kuwa mpinzani wako jioni. Baada ya mechi hizo, timu zilizo juu ya msimamo huchagua washirika wao wa hatua ya mtoano. Kwa sababu hiyo, timu yenye roboti ya wastani lakini ya kuaminika inaweza kufika mbali ikichaguliwa na timu kali.

Mpangilio huu unaendana na wazo alilolisisitiza Flowers, kwamba watu washindane kwa nguvu zote huku wakitendeana kiungwana. Ni jambo la kawaida timu kumwazima mpinzani wake mota au waya dakika chache kabla ya kupambana naye.

Tuzo

Tuzo ya juu kabisa haitolewi kwa roboti iliyoshinda mechi. Hutolewa kwa timu iliyo mfano bora kwa nyingine, hasa katika kueneza sayansi kwenye jamii yake. Tangu msimu wa 2023 huitwa FIRST Impact Award. Kuna pia Tuzo ya Woodie Flowers, inayotolewa tangu mwaka 1996 kwa walezi bora wa timu.

Gharama

Kuendesha timu ya FRC ni ghali kuliko michezo mingi ya shule. Katika miaka ya 2010, ada ya kujiandikisha pamoja na shindano moja la kwanza ilikuwa dola za Marekani 5,000 au zaidi. Shindano la pili lililipiwa peke yake. Juu ya ada hiyo kuna mota, alumini, zana, usafiri wa roboti na wanafunzi, hoteli na chakula. Timu inayofuzu kwenda fainali za dunia hulazimika kulipa ada nyingine na kusafiri tena, mara nyingi ikiwa na wiki chache tu za kutafuta fedha.

Sehemu ya gharama hupunguzwa na seti ya vifaa ambayo timu hupewa mwanzoni mwa msimu. Vifaa vingi katika seti hiyo vimetolewa bure na kampuni zinazovitengeneza.

Jimbo la Michigan lilijaribu njia nyingine. Mwaka 2009 lilianzisha mfumo wa wilaya, ambapo timu hucheza mashindano mawili madogo karibu na nyumbani kwa ada moja badala ya shindano moja kubwa la mbali. Mashindano hayo hufanyika katika kumbi za shule na huendeshwa na watu wanaojitolea. Mfumo huo ulienea katika maeneo mengine. Serikali ya Michigan pia hutoa ruzuku kwa timu za shule zake, na jimbo hilo limekuwa na timu nyingi kuliko jimbo lingine lolote.

Udhamini wa kampuni

Ngazi za udhamini

Udhamini wa FRC uko katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya FIRST yenyewe: kampuni kubwa huchangia shirika na jina lake huambatanishwa na mchezo wa mwaka. Boeing ilifanya hivyo katika msimu wa 2019 na wa 2022. Ngazi ya pili ni ya shindano la eneo fulani, ambapo wafadhili wa mahali hulipia ukumbi na vifaa. Ngazi ya tatu ni ya timu moja moja, na hapo wadhamini huwa wa kila aina, kuanzia kiwanda cha ndege hadi mgahawa wa mtaani.

Shirika la anga la NASA ni mfano wa mdhamini asiye kampuni. Limekuwa likitoa ruzuku kwa timu, na baadhi ya vituo vyake hulea timu moja kwa moja. Timu namba 254 ya San Jose, California, ambayo imekuwa bingwa wa dunia mara kadhaa, inashirikiana na Kituo cha Utafiti cha Ames cha NASA kilicho katika eneo hilo.

Anachotoa mdhamini

Fedha ni sehemu moja tu ya udhamini. Mdhamini anaweza kutoa:

- vifaa, kama vile mabamba ya alumini, mota au programu za usanifu;
- muda wa mashine, kwa mfano kukata na kuchonga vipande vya chuma katika karakana yake;
- mahali pa kufanyia kazi na mazoezi;
- wafanyakazi wanaojitolea kuwa walezi wa timu.

Timu nyingi huona sehemu hiyo ya mwisho kuwa yenye thamani kuliko zote. Mhandisi anayekaa na wanafunzi jioni tatu kwa wiki huwafundisha kusoma mchoro, kukadiria nguvu ya mota na kutafuta chanzo cha hitilafu. Hayo si rahisi kuyapata darasani.

Anachopata mdhamini

Kwa kawaida timu hupanga wadhamini kwa viwango kulingana na mchango, na viwango hivyo mara nyingi hupewa majina kama dhahabu, fedha na shaba. Nembo ya mdhamini hubandikwa kwenye roboti na kuchapwa kwenye fulana za timu. Katika orodha rasmi, jina kamili la timu huanza na majina ya wadhamini na kumalizika na jina la shule. Nchini Marekani, mchango unaopitia shirika la hisani lililosajiliwa unaweza pia kupunguza kodi ya mtoaji.

Hata hivyo, faida kubwa kwa kampuni za uhandisi ni watu. Kampuni hupata nafasi ya kuwaona vijana wakifanya kazi kwa miaka kadhaa kabla hawajaomba ajira. Baadhi yao hurudi kama wanagenzi wa likizo na kisha kama waajiriwa. Kwa upande wa wanafunzi, vyuo vikuu vingi vimeweka ufadhili wa masomo kwa waliopitia mashindano ya FIRST.

Kupata mdhamini

Kazi ya kutafuta udhamini hufanywa kwa kiasi kikubwa na wanafunzi wenyewe. Huandika barua, huandaa bajeti, hupeleka roboti kwenye ofisi ya kampuni na kuionyesha ikifanya kazi, kisha huleta taarifa ya jinsi fedha zilivyotumika. Kwa hiyo timu huwa na kikundi cha fedha na mawasiliano kando ya kile cha mitambo, na mwanafunzi asiyependa kushika bisibisi anaweza kupata nafasi humo.

Mjadala kuhusu usawa

Udhamini haugawanyiki sawasawa. Shule iliyo karibu na viwanda vya magari, kampuni za teknolojia au kituo cha utafiti hupata wahandisi na mashine kwa urahisi. Shule ya kijijini au ya mtaa maskini inaweza kuwa na mwalimu mmoja na seti ya zana za mkono.

Kanuni zimejaribu kupunguza pengo hilo. Mwaka 2014, kwa mfano, vifaa vya roboti nzima havikutakiwa kuzidi dola 4,000, na kifaa kimoja hakikutakiwa kuzidi dola 400. Lakini kikomo hicho kilikuwa na mwanya. Kazi iliyofanywa na mdhamini anayetambuliwa ilihesabiwa kama kazi ya wanatimu, hivyo gharama yake haikuingizwa. Kipande kilichochongwa katika karakana ya mdhamini kilihesabiwa kwa bei ya chuma chake tu, wakati timu isiyo na mdhamini iliyokwenda kwa fundi ililazimika kuhesabu pia malipo ya fundi huyo. Kwa hiyo kikomo kilibana matumizi ya fedha taslimu, lakini hakikugusa faida kubwa ya timu zenye wadhamini wenye viwanda.

Swali la pili ni nani hasa anayeunda roboti. Wapo wanaolalamika kwamba katika baadhi ya timu wahandisi wa kampuni hufanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa na wanafunzi. Kanuni za FRC hazikatazi watu wazima kushiriki katika kazi hiyo. Wanaotetea mpango huo husema lengo la FIRST ni kuwavutia vijana kwenye uhandisi, na kijana hujifunza kwa kufanya kazi bega kwa bega na mtaalamu, kama mwanafunzi wa useremala anavyojifunza kwa fundi. Wanaoupinga husema mwanafunzi anayesimama kutazama hajifunzi sawa na yule anayekosea na kurudia.

Hatari ya kumtegemea mdhamini mmoja

Timu inayolishwa na kampuni moja hufuata hali ya kampuni hiyo. Jambo hili lilionekana wazi katika majimbo ya viwanda vya magari. Kampuni ya vipuri ya Delphi, ambayo ilikuwa mdhamini wa timu kadhaa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2005. Chrysler na General Motors zilifuata mwaka 2009. Kiwanda kinapofungwa, timu hupoteza fedha, karakana na walezi kwa mpigo.

Kwa sababu hiyo timu zenye uzoefu hupendelea kuwa na wadhamini wengi wadogo pamoja na mmoja mkubwa, na huweka akiba ya ada ya msimu unaofuata.

Mfano wa Carl Hayden

Mfano unaotajwa sana katika mjadala wa fedha na vipaji ni ule wa shule ya sekondari ya Carl Hayden mjini Phoenix, Arizona. Mwaka 2004 wanafunzi wake wanne, wote wahamiaji kutoka Mexico wasio na hati za ukaazi, waliingia katika mashindano mengine, yale ya roboti za chini ya maji ya MATE yaliyofanyika Santa Barbara, California. Walichagua daraja la juu, ambalo lilikuwa na timu za vyuo vikuu.

Roboti yao iliundwa kwa mabomba ya plastiki na iligharimu chini ya dola 1,000. Timu ya MIT, iliyokuwa miongoni mwa wapinzani wao, ilikuwa na udhamini wa dola 10,000 kutoka kampuni ya mafuta ya ExxonMobil. Katika mashindano kisanduku cha vifaa vya umeme cha Carl Hayden kilivuja, na wanafunzi wakatumia tamponi za dukani kunyonya maji yaliyoingia. Walipata ushindi wa jumla mbele ya MIT. Habari zao ziliandikwa na mwandishi Joshua Davis, na mwaka 2015 ilitoka filamu yenye jina Spare Parts.

Hata hivyo ushindi haukuwaondolea vizuizi. Bila hati hawakuweza kupata misaada ya serikali kuu ya kusoma chuo, na mwaka 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria iliyowanyima wanafunzi wasio na hati nafuu ya karo wanayopewa wakazi wa jimbo. Timu ya FRC ya shule hiyo, namba 842, ilishinda tuzo ya juu kabisa ya FRC katika fainali za mwaka 2008.

Afrika Mashariki na FIRST Global

Gharama za FRC zimefanya mashindano hayo yasienee sana barani Afrika. Wanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana zaidi na FIRST Global Challenge, yaliyoanzishwa pia na Dean Kamen. Humo kila nchi hutuma timu moja, na timu hupokea seti ya vifaa vya aina moja, hivyo tofauti ya fedha katika kuunda roboti hupungua.

Mashindano ya kwanza yalifanyika Washington mwezi Julai 2017 yakiwa na timu kutoka nchi zaidi ya 150, zikiwemo za Afrika Mashariki. Timu ya wasichana wa Afghanistan ilinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia Marekani. Baada ya mashindano, vijana wote sita wa timu ya Burundi walitoweka, na wawili kati yao walionekana wakivuka mpaka kuingia Kanada. Nchi yao ilikuwa katika msukosuko wa kisiasa ulioanza mwaka 2015. Mashindano yaliyofuata yalifanyika Mexico City mwaka 2018 na Dubai mwaka 2019.

Seti sawa ya vifaa haimalizi tatizo lote. Bado nauli, viza, mahali pa mazoezi na walimu wenye ujuzi hubaki mikononi mwa kila nchi, na hapo ndipo wadhamini huhitajika.

Mashindano yanayofanana

- VEX Robotics Competition hutumia roboti ndogo zilizoundwa kwa vipande vinavyoweza kufunguliwa na kutumika tena msimu ujao.
- World Robot Olympiad ilianza mwaka 2004 nchini Singapore na hupokea wanafunzi wa umri mbalimbali.
- RoboCup Junior ni tawi la vijana la RoboCup, ambayo hujulikana kwa roboti zinazocheza mpira wa miguu.

Tazama pia

- Roboti
- Uhandisi
- Dean Kamen
- NASA